Mlango wa Gari la Mama Mkwe

Vijana, naona mmeanza. Siku hizi nikitoka asubuhi hapa Nyalenda, Kisumu, kwenda kununua omena, dagaa zetu za ziwani, sikosi kumkuta kijana amechuchumaa kando ya gari lake na kipande cha msasa mkononi. Simu ameiegemeza kwenye tairi, na ndani ya simu kuna mtu wa ng'ambo mwenye ovaroli safi anamwonyesha jinsi ya kupaka mlango rangi. Mimi husimama. Nimepaka magari rangi maisha yangu yote ya kazi mpaka kifua kikaniambia imetosha, na mstaafu akiona kazi yake inafanywa kombo huwashwa mwili mzima. Naweza kusimama hapo mpaka omena ziishe sokoni. Basi nimeona heri niandike kuliko kuendelea kuwatolea watu macho barabarani.

Kwanza niwatoe wasiwasi. Mlango mmoja, fenda moja, hata boneti nzima, unaweza kupaka mwenyewe uani kwako na jirani asijue. Huhitaji gereji yenye vioo na feni. Unahitaji msasa wa aina tatu nne, maji, sabuni, fila ya kuziba mabonde, praima ya kushikisha rangi, rangi yenyewe, ile vanishi ya juu ambayo sisi huiita klia, kompresa ya kuazima, na subira. Hiyo ya mwisho haiuzwi dukani, na ndiyo wengi wenu hujaribu kufanya kazi bila kuwa nayo.

Nitawaeleza kazi yote kupitia mlango mmoja tu, wa mwisho kupakwa uani kwangu. Ulikuwa mlango wa gari la Mama Akinyi, na aliyeukwaruza ni kijana aliyetaka kumwoa binti yake.

Kijana huyo ni Otieno, kinyozi, kibanda chake kiko hapa hapa Nyalenda. Alifika kwangu Jumatatu mchana akiwa na Akinyi mwenyewe, wote wawili nyuso zimewashuka. Gari lilikuwa nyuma yao, steshenwagon ya buluu, mlango wa nyuma wa kushoto umebonyea na kuchanika rangi kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama Rangi, tuko na shida," Otieno alisema, kwa jina wanaloniita mtaani.

"Shida naiona. Gari ni ya nani?"

Otieno akatazama viatu vyake. Akinyi ndiye aliyejibu. "Ya mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu mimi."

"Yawa!" nilisema, nikakaa chini bila kuangalia kama kuna kiti.

Wageni wa huku labda hamtaelewa kwa nini nilikaa chini. Kwetu ziwani, kijana na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono. Kijana hakai karibu naye, hali naye meza moja, na kiti anachokalia mama mkwe hakigusi kabisa. Sasa huyu alikuwa amekalia kiti chake cha dereva! Mama Akinyi alikuwa amesafiri kwenda Nairobi kumwona dada yake, funguo akamwachia binti. Binti akampa mchumba wake akachukue viti vya wageni, na mchumba akarudi nyuma getini bila kuangalia nguzo. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ilikuwa siku ya ayie, siku ambayo mama wa binti anapokea alichopelekewa na kusema kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mama Akinyi angerudi Ijumaa jioni.

Na gari lenyewe si gari tu. Mama Akinyi ni mwuzaji wa samaki pale Dunga, ufukoni mwa ziwa. Alianza na beseni kichwani, akaja na baiskeli, mwisho akanunua gari hilo kwa jasho lake bila mwanamume yeyote kumshika mkono. Dunga nzima inajua anavyolipenda.

"Pelekeni gereji ya mjini," niliwaambia. "Mimi nimestaafu. Daktari amenikataza moshi wa rangi."

"Mama, mafundi wote wa town wananunua samaki kwake," Akinyi alisema. "Tukipeleka huko, mama atajua kabla rangi haijakauka."

Hapo alisema kweli. Nikamtazama Otieno, nikatazama mikono yake. "Basi mimi nitakaa kwa kiti hapa upande upepo unatoka, nitaongea. Kazi utafanya wewe."

"Mimi ni kinyozi, Mama."

"Najua. Na leo umepata kichwa kikubwa."

Kabla sijaendelea na mlango, lazima niwaambie habari za Mzee Swaleh, kwa sababu kila nitakalowaambia ni lake. Mimi nilitoka kijijini Pap Onditi nikiwa msichana, nikaja kwa shangazi yangu mjini, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuuza uji kwenye gereji moja ya jua kali. Mzee Swaleh alikuwa fundi mkuu wa rangi pale. Babu yake alitoka pwani, yeye akazaliwa Kisumu, kofia haikumtoka kichwani hata akiwa chini ya gari. Siku moja alikuwa anachanganya rangi ya maziwa ya gari fulani, anapaka tone, anatikisa kichwa, anachanganya tena. Mimi namimina uji nikasema, "Imekuwa nyekundu kidogo."

Akageuka. "Wewe muuza uji, umejuaje?"

"Naona tu, Mzee."

Akatia tone la kijani, kwa maana kijani ndicho kinachotuliza wekundu, akakoroga, akapaka. Ikakaa sawasawa. Akaniangalia, akasema, "Weka birika chini, binti. Shika msasa." Siku hiyo wafanyakazi walikunywa uji wa kujimiminia. Nilifurahi mpaka nikasahau kuwadai.

Mzee alikuwa na utani mwingi. Alisema Kiswahili changu kina matuta kama barabara ya kwetu, nami nilimwambia anakula samaki wa ngege kama mtu anayetafuta sindano, maana alikuwa akitoa miiba mmoja mmoja na kuipanga kando ya sahani. Tulifanya kazi pamoja mpaka mgongo wake ukakataa. Nampenda yule mzee mpaka leo, na nikisikia harufu ya thina, ile ya kuyeyushia rangi, namwona amesimama na bunduki ya kupulizia rangi, jicho moja amelifumba.

Sasa, somo la kwanza ni kuosha. Otieno alikuwa ameshika msasa tayari, anataka kukwangua. Nikamwambia weka chini. Osha kwanza kwa sabuni ya vyombo na maji mengi, mlango mzima, kisha pangusa kwa kitambaa kilicholowa thina kidogo, kisha kitambaa kikavu. Gari la samaki lina mafuta ya samaki kila mahali, hata pale usipoyaona. Ukipaka rangi juu ya mafuta, rangi hukimbia. Hufunguka vishimo vidogo vya mviringo, na hakuna dawa ila kukwangua yote na kuanza upya.

Kuna wakati pale gereji tulipaka boneti ya bwana mmoja wa benki. Tuliisafisha vizuri asubuhi, tukaenda kula, tukarudi, Mzee akapuliza rangi. Tukaona katikati ya boneti panatokea vishimo, na vishimo vikajipanga vikawa kiganja na vidole vitano! Mtu alikula ngege wa kukaanga, akaja akapapasa boneti kusifu ulaini wake. Mzee Swaleh hakupiga kelele. Alituita wote, akatuweka mstari, kila mmoja asogeze mkono wake juu ya ile alama bila kugusa. Mkono wangu ulikuwa mdogo. Wa fundi wa bodi ulikuwa mpana mno. Tukajaribu wote, hakuna aliyefanana. Ndipo mwenye gereji akatoka ofisini akijifuta mdomo, kuuliza mbona hatufanyi kazi. Mzee akamwomba kwa adabu asogeze mkono wake. Ulitoshea kabisa. "Tajiri," Mzee akasema, "tafadhali ukanawe." Tulicheka hadi mwenye gereji naye akacheka, na tangu siku hiyo palikuwa na ndoo ya maji na sabuni mlangoni.

Kwa hiyo vijana, unapofanya kazi ya rangi, kula mkate.

Otieno akaosha. Akafungua kitambaa cha ndani cha mlango, akasukuma bati kutoka ndani kwa mpini wa nyundo uliofungwa tambara, taratibu, mpaka lile bonde likapungua likawa sahani. Hapo tena mna kosa lenu. Mnapenda kujaza bonde zima kwa fila. Fila ni ya kusawazisha, si ya kujenga nyumba. Nyanyua bati kadiri uwezavyo, ukwangue mpaka rangi ya zamani iishie kwa mteremko laini, kisha paka fila nyembamba. Ikikauka, fungia msasa kwenye kipande cha soli ya ndara, maana ukisugua kwa vidole utachimba mifereji. Anza na msasa mkali, maliza na laini.

Halafu fumba macho. Mzee Swaleh alikuwa akinifunga leso machoni, ananiambia papasa bati nimwambie kilima kiko wapi. Mwanga huficha mengi kabla ya rangi kung'aa, lakini kiganja kinaona. Weka kitambaa chepesi kati ya kiganja na bati, utasikia hata kile kilichokuwa kimejificha. Otieno alifumba macho akapapasa ule mlango kama anavyopapasa kichwa cha mteja akitafuta nywele zilizobaki. Akasema, "Mama, hapa kuna mlima." Nikaenda kupapasa. Palikuwa na mlima kweli. Nikajua huyu kijana atafika.

Jumanne tukapiga praima. Nilimlazimisha avae maski ya kweli, yenye vichujio viwili mashavuni, nikamfukuza Akinyi atoke uani. Jambo hili nawaambia bila mzaha. Sisi tulijifunga leso puani tukadhani tumejikinga. Mzee Swaleh alimaliza maisha yake anakohoa, nami nikipanda ngazi napumzika katikati. Klia za siku hizi ni kali kuliko zile zetu. Kama huna maski, usipake. Subiri mpaka upate. Na waambie majirani wazime majiko, kwa sababu thina hushika moto, haijali kama unapika ugali.

Jumatano ilikuwa ya kutafuta rangi. Kila gari lina namba ya rangi yake, ukiipeleka dukani watakuchanganyia. Otieno akarudi na kopo, amefurahi. Tukapaka tone nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Lo! Buluu ya dukani ilikuwa ya gari lililotoka kiwandani juzi, na gari la Mama Akinyi limeota jua la Dunga miaka na miaka. Hapo ndipo kazi yangu ilipo, na hapo nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia Otieno ang'arishe kwanza ule mlango wa mbele wa kushoto kwa polishi, ili tuone rangi yenyewe bila vumbi na ukungu. Kisha tukaanza: nyeupe kidogo, tone la njano, nyeusi ya kuchovya ncha ya kijiti tu. Tunapaka kwenye kipande cha bati, tunaacha kikauke, maana rangi mbichi hudanganya. Tunakipeleka juani, tunakipeleka kivulini. Mara nane, mara kumi, sikumbuki. Akinyi akachoka akaenda kupika. Mwisho nilikiweka kile kibati juu ya mlango wa mbele, nikarudi nyuma, nikakipoteza. Sikukiona! Nilipiga kigelegele mwenyewe, bibi mzima, na majirani wakaja kuuliza nani ameolewa.

"Bado," Akinyi alisema kutoka jikoni. "Lakini tunajaribu."

Alhamisi ndiyo siku iliyotaka kutuua. Hapa Kisumu rangi ina saa zake. Asubuhi mapema kuna umande, bati lina jasho, usipake. Umande ukikauka unapata saa chache nzuri, hewa imetulia. Ikifika mchana, upepo wa ziwa unaamka, unaleta vumbi, na nyakati fulani unaleta wale wadudu wadogo wa ziwa ambao huinuka juu ya maji mithili ya moshi. Mtu wa Dunga akiona ule moshi anaingiza nguo alizoanika. Mtu wa rangi akiuona anafunga bunduki yake.

Tulikuwa tayari asubuhi. Tumefunika gari zima kwa magazeti na tepu, tumemwaga maji chini ili vumbi lisiinuke, kompresa tumeazima kwa fundi wa pancha, na maji yaliyojikusanya ndani yake tumeyatoa. Otieno alikuwa amefanya mazoezi kwenye mabati ya zamani mpaka mkono ukawa mwepesi. Nilimfundisha: simama umbali wa shubiri moja, mkono uende sambamba na bati, usiuzungushe kama unayepunga nzi. Anza kupuliza kabla ya kufika ukingo, acha baada ya kuuvuka. Kila mstari ulalie nusu ya uliotangulia. Safu ya kwanza iwe ukungu tu, ukiona bati linaonekana chini usiogope. Ukimwaga nyingi, rangi inatiririka machozi, na utalia nayo.

Akabonyeza. Stima ikapotea, kompresa ikanyamaza.

Tukakaa. Tukanywa chai. Stima hairudi. Nilimwambia tuache mpaka kesho asubuhi, akasema kesho mama anakuja, Mama Rangi, kesho tutakuwa tumechelewa. Niliona hofu ile usoni mwake na sikuwa na moyo wa kumkatalia. Stima iliporudi jua lilikuwa utosini. Otieno akapaka haraka lakini vizuri, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ule mlango ukawa mzuri, nyinyi! Umetulia, umejaa, hauna chozi hata moja. Akinyi alishika kichwa kwa furaha.

Ndipo nikasikia upepo mgongoni. Nikageuka kuelekea ziwani, nikaona moshi.

"Funikeni!" nilipiga kelele, ingawa najua huwezi kufunika rangi mbichi. Wale wadudu walifika kabla sijamaliza neno. Walitua juu ya ile buluu mbichi kwa mamia, wanapepea mabawa, wananasa. Otieno alisimama na bunduki mkononi, hana la kufanya. Akinyi, kwa huruma yake, alivua leso kiunoni akaurukia mlango kuwafuta.

"Usiguse!"

Alikuwa ameshagusa. Pale alipopita leso pakawa na mchuzi wa rangi, mabawa na miguu ya wadudu. Akinyi aliona alichofanya, akakaa chini kwenye tope akaanza kulia. Otieno akaweka bunduki, akakaa naye kwenye tope lile lile, akamwambia, "Ni mlango tu, Akinyi. Hatuoi mlango." 

Sikilizeni vizuri hapa, wenye magari kando ya ziwa hili. Wadudu wakitua kwenye rangi mbichi, tia mikono mfukoni. Waache wafe. Waache wakauke pamoja na rangi. Mdudu mkavu anatoka kwa msasa laini na maji kidogo, unakwangua ngozi ya juu tu, halafu unapaka tena juu yake. Kinachoharibu kazi si mdudu, ni mtu mwenye huruma na kitambaa.

Kwa hiyo tuliacha ukauke usiku kucha. Ijumaa kulipopambazuka Otieno alikuwa tayari uani, msasa na ndoo ya maji, anasugua taratibu mpaka mlango ukawa laini, umefifia. Pale palipopita leso tukarudisha praima kidogo. Nilipapasa nimefumba macho, sikupata kitu. Umande ulipokauka akapaka, hewa imetulia, stima ikatuheshimu. Rangi. Tukasubiri. Klia. Tukasubiri. Nilimwona yule kinyozi anatembeza mkono wake juu ya klia bila haraka, ameshaacha kutazama saa, na moyo wangu ukajaa. Nilitamani Mzee Swaleh amwone.

Alasiri tuliondoa magazeti. Nilitembea kulizunguka lile gari kutafuta kosa, na mimi ni mtu wa kutafuta kosa. Sikuliona.

Akinyi aliliendesha mwenyewe kwenda Dunga, mimi nikiwa kando yake, Otieno nyuma kabisa na viti vya wageni. Tulipokaribia ndipo akasema, "Nitamwambia."

"Utamwambia nani nini?" niliuliza.

"Mama. Kuhusu mlango."

Niligeuka mzima mzima. "Wewe umerogwa? Siku zote hizi tumefanya kazi ya nini? Rangi nzuri ni ile hakuna mtu anasema! Fundi hasemi!"

"Kesho atasema amenikubali," Otieno alijibu polepole. "Anakubali nani, kama hajui?"

Nilikasirika. Nawaambia kweli, nilikasirika kama mtu aliyepikia wageni na wageni wakasema wameshiba. Akinyi alishika tu usukani kwa nguvu.

Mama Akinyi alifika jioni na mifuko yake, akatukuta uani kwake. Tukasalimiana, yeye na mimi kwa mikono miwili, Otieno kwa mbali kando ya tangi la maji. Alipoona nimekuja alijua kuna neno. Akaketi.

Otieno hakumtazama. Alinitazama mimi akasema kwa sauti ambayo hata barabarani ilisikika, "Mama Rangi, mwambie mama kuna kitu nataka kusema."

Mama Akinyi naye akanitazama mimi. "Mwambie aseme."

"Sema," nilisema, bado nimenuna.

"Mwambie gari yake niligonga nayo hiyo geti, nikaharibu mlango. Nimepaka rangi mimi mwenyewe, nyumbani kwako. Na nilikaa kwa kiti yake. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi. Mwambie kama kesho hataki tukuje, tutaelewa."

  Akinyi alishika mkono wangu.

"Mlango gani?" Mama Akinyi aliuliza.

Otieno akafungua mdomo, lakini mama akainua kiganja. "Mwambie anyamaze. Nitatafuta mwenyewe."

Huyu ni mwanamke ambaye mvuvi hawezi kumuuzia samaki wa jana. Alivaa miwani, akainuka, akaanza kulizunguka gari lake. Alipofika kwenye mlango wa nyuma wa kushoto aliinama, akapitisha kiganja chote, akasimama.  Akapangusa vumbi kidogo kwa ukingo wa gauni, akaendelea. Akapita nyuma. Akaja upande wa kulia. Mwisho akasimama mbele ya mlango wa dereva, mlango wake mwenyewe anaoufungua kila alfajiri, ambao katika kazi ile hakuna kati yetu aliyeugusa hata kwa kitambaa. Akaugonga kwa kidole.

"Ni hii," alisema. "Wameharibu hii. Rangi haifanani hata kidogo."

Akinyi aliangua kicheko. Mimi nikafuata, nikacheka mpaka kifua kikanibana nikashika boneti. Otieno peke yake hakucheka. Alikwenda polepole, akipita mbali kama inavyotakiwa, akaonyesha kwa mkono ule mlango wa nyuma wa kushoto. Mama Akinyi alirudi. Akauangalia, akaangalia nguzo ya geti, akauangalia tena.  Nilidhani atalia, nikadhani atafoka.

Akavua miwani, akanigeukia mimi, fundi mstaafu, akanikazia macho.

"Mwambie hivi," alisema. "Fundi mzuri nimeshaona. Mtu wa ukweli nimeshaona. Lakini fundi wa ukweli, tangu nizaliwe, ndiyo naona leo. Mwambie kesho akuje mapema, kabla hajabadilika."